Sarafu Juu ya Sauti ya Shangazi

Usiku ule nililala vidole vikinuka gundi, na moyo ukinisuta. Jioni nilikuwa nimeifufua gramafoni ya marehemu baba. Mkanda wake ulikuwa umeoza, nikaubadilisha kwa utepe nilioukata kwenye tyubu ya baiskeli, nayo ikazunguka vizuri. Lakini sindano ilikuwa ikirukaruka, na uwezo wa kununua nyingine sikuwa nao. Nikafanya kama wafanyavyo wengi mtaani kwetu: nikabandika sarafu juu ya mkono unaoishika ili uwe mzito.

Ngoja nieleze taratibu. Sindano hutembea ndani ya mfereji mwembamba, na sauti imechongwa kwenye kuta za mfereji huo. Ukiikandamiza hairuki tena, ila inakwangua. Sikulijua hilo. Niliweka santuri ya marehemu shangazi Zuhura, dada yake baba, aliyeimba zamani kwenye bendi ya dansi. Ndiyo nakala pekee iliyobaki. Nikairudia, nikairudia tena kwa furaha, na kila mara sauti ikazidi kufifia.

"Huyo ndiye wifi yangu?" mama aliuliza kutoka jikoni. "Mbona kama ana mafua?"

Nilicheka. Kisha nikaona vumbi jeusi kwenye ncha ya sindano, nikazima.

Ndotoni nilimkuta shangazi uani, amekalia mbuzi, anakuna nazi. Nilitaka kumwamkia, nikaona kinachodondoka kwenye sinia si nazi. Ni vumbi jeusi. Anakuna huku anaimba chinichini, na kila akikuna, neno moja la wimbo linapotea. Ua linakuwa ukumbi. Watu wamependeza, wanangoja. Shangazi yuko jukwaani, anafungua kinywa, unatoka mkwaruzo mtupu. Watu wanaanza kuondoka. Nami natazama chini, kumbe nimekaa begani kwake.

"Shikamoo, shangazi," nasema.

"Marahaba, baba. Umenikalia." Hana hasira. "Shuka."

Nashuka. "Nisamehe. Maneno yaliyopotea nitayarudishaje?"

Ananifuta uso kwa upindo wa kanga. "Kwenye santuri hayarudi. Wifi anayajua. Muulize wakati bado yupo."

Nikaamka, uso umelowa. Kulikuwa kunapambazuka. Niliibandua sarafu, nikaifuta santuri kwa kitambaa laini na kuirudisha kwenye jalada lake. Palipokwanguka palibaki na rangi ya majivu, na nilijua hapataimba tena.

Mama alikuwa akiwasha jiko la mkaa. Nikamsimulia ndoto yote, na ujumbe nikaufikisha kama nilivyopewa.

Aliendelea kupepea jiko.

"Zuhura huyuhuyu," akasema, "aliyekuwa akiniambia nina sauti ya bata?"

Akaweka chini kifuniko alichokuwa akipepea nacho. Akajipangusa macho kwa mgongo wa mkono, moshi au si moshi, sikumuuliza. Akasafisha koo.

"Haya, kaa hapo. Ni ubeti gani huo ulioukwangua?"