Kisu Nilichokibadilisha Birere

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, mwanangu, nilikuwa nimelala kifudifudi katika shamba la viazi huko Kanzenze, mkono wa kulia umezama hadi begani ndani ya shimo la nungunungu, na huko ndani mbwa wa watu alikuwa anakufa. Mkononi nilikuwa na kisu kizuri kuliko visu vyote vya Gisenyi, na kilikuwa hakikati.

Nakueleza haya kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu picha ya kisu cheusi, chenye meno mgongoni, ukaniuliza kama kitakufaa huko Gishwati unakokwenda kuchunga ng'ombe. Nilikurudishia simu, nawe ukadhani nimenuna kwa ajili ya bei. Wala! Nilikuwa nimemkumbuka Mukara. Kaa basi, weka hiyo simu chini, chai bado ipo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, tumerudi kwetu kutoka Goma, ng'ambo ya mpaka, nilikozaliwa, na Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuchekesha. Nikiagiza chumvi dukani, watoto walijipanga mlangoni kunisikiliza. Mtu aliyenivumilia alikuwa Muzee Gasana, mjomba wa mama yangu. Yeye alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai upande wa Congo, kwa hiyo tuliongea Kiswahili cha kule, mimi na yeye, na wengine wakatuona wawili tuliopotea njia.

Muzee alikuwa mwindaji. Si wa kwenda mlimani kwenye hifadhi, huko hakukanyaga. Alikuwa mwindaji wa mashambani. Nungunungu wakivamia viazi vya mtu Kanzenze au Nyakiriba, ndiye aliyeitwa, naye alikuja na mbwa wake mmoja, Mukara, jina ambalo ni kama kusema Mweusi. Miaka ile mbwa walikuwa wachache, na hao waliobaki watu hawakutaka kuwaona. Sababu unaijua, ni mambo waliyokula wakati wa vita, sitayasema tukiwa tunakunywa chai. Muzee alimlea Mukara tangu akiwa mdogo wa kutia mfukoni. Mke wake alikuwa amekwisha kufariki, watoto wake wako mbali, na jioni mbwa huyo ndiye aliyeambiwa habari za siku nzima. Nilishawahi kumkuta anamsimulia mambo ya mvua.

Wawindaji wa huku kwetu walimvisha mbwa njuga shingoni, kwa mkanda wa ngozi. Wakienda, njuga inazibwa kwa majani ili isilie. Mnyama akishaonekana, majani yanatolewa, mbwa anaachiliwa, na kuanzia hapo mwindaji anafuata mlio. Muzee alikuwa ameanza kupoteza macho, lakini kwa njuga ile alijua Mukara yuko wapi, anakimbia au anachimba, amekasirika au anacheza tu.

Kwa sababu ya macho hayo, siku moja alinipa kisu chake. Alikitoa katika kipande cha gunia, akaniwekea kiganjani.

“Kamata. Mi macho yangu imechoka,” alisema. “Kisu inataka mutu wa kuona.”

Kusema kweli, kilinitia aibu. Kilifuliwa na mhunzi kutokana na springi ya lori, cheusi, kifupi kama kiganja changu, mpini wa mti umefungwa kwa waya. Miaka ya kunolewa ilikuwa imekila mpaka kikawa chembamba. Nilimshukuru kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, na moyoni nikasema huyu mzee ananipa kitu cha kumenyea viazi.

Miezi miwili baadaye nilivuka mpaka kwenda kusalimia shangazi zangu Goma. Pale soko la Birere palikuwa na kijana ametandaza vitu vyake juu ya turubai, na katikati ya turubai kuna kisu. Ayi we! Kinang'aa mpaka unajiona meno. Kirefu, kina meno ya msumeno mgongoni, mpini una dira juu yake, ala ya ngozi yenye vifungo. Mwanangu, nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano asiyejua kuagiza chumvi. Nilikitaka kile kisu kama mgonjwa anavyotaka maji. Nikatoa kisu cha Muzee, nikaongezea saa yangu ya mkononi, tukabadilishana. Yule kijana alikipitisha kile cheusi kwenye ukucha wake, akanitazama kidogo, akakitia mfukoni haraka. Sikuelewa kwa nini aliharakisha.

Nyumbani nilikificha. Mapigano yalikuwa yametoka tu kupoa, na mtu mwenye akili hakupita kwenye kizuizi cha askari na kisu cha namna ile kiunoni. Hilo peke yake lingenitosha kujua kwamba nimechagua vibaya. Badala yake nilikuwa nikikitoa peke yangu nakitazama, nakichezea. Nilifungulia makopo ya samaki, nikakatia waya wa uzio, nikachokolea msumari. Kwa sababu kiling'aa, nilidhani ni kikali. Jiwe sikulitafuta, na sikuona haja.

Basi tukaitwa Kanzenze, na mama mmoja mjane, Mama Furaha, ambaye nungunungu walikuwa wameanza kumlia viazi mstari baada ya mstari. Tulifika asubuhi, ukungu bado umelala kwenye viazi. Mukara alinusa mara moja tu, akaenda moja kwa moja kwenye shimo lililoko chini ya jiwe kubwa, haya mawe meusi ya volkano unayoyajua. Muzee akatoa majani kwenye njuga. Mukara akaingia.

Tulisikia njuga ikienda chini ya ardhi, ikalia upande wa kushoto, ikarudi. Mama Furaha alicheka kwa furaha na jembe lake begani. Halafu mlio ukabadilika. Ulikuwa mahali pamoja, haraka haraka, hausogei.

Muzee aliinua mkono tunyamaze.

“Mukanda imeshikwa,” alisema. “Iko inamukaba. We uko na mukono mwembamba, ingia.”

Nilijilaza. Nilipenyeza mkono mpaka uso ukagusa udongo, nikamgusa Mukara kichwani. Alinilamba. Hilo sijalisahau, alinilamba vidole. Njuga ilikuwa imekwama katikati ya mizizi miwili, naye kwa kujigeuzageuza alikuwa ameusokota mkanda mpaka umezama kwenye manyoya. Tulijaribu jembe, likagonga jiwe. Tulijaribu panga, likakataa kupita mlangoni mwa shimo.

“Toa ile kisu nilikupatia,” Muzee akasema. “Tia kidole yako katikati ya mukanda na shingo, kisha kata juu ya kidole. Pole pole. Iko inakata ngozi kama siagi, usiogope.”

Nilitoa kile nilichokuwa nacho. Kilikuwa kirefu mno, hakikugeuka vizuri shimoni. Meno ya mgongoni yaling'ang'ania mizizi. Nilipofikisha makali kwenye mkanda nikavuta, yaliteleza. Nikavuta tena, yakateleza. Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, kikaruka kikanikata mimi kidole, maana kidole ni laini kuliko ngozi iliyokauka. Damu ikafanya mpini uteleze. Nililia, mwanangu, kwa sauti, mtu mzima, na Mama Furaha aliacha kucheka.

“Kata!” Muzee akaniambia. “Kata basi! Unangojea nini?”

Njuga ililia mara chache chache. Halafu mara moja. Halafu nikawa naisikiliza kwa mkono, kwa kuwa kwa masikio haikuwapo tena.

Ilituchukua muda mrefu kuing'oa mizizi kwa mtaimbo wa jirani na kumtoa. Muzee alimpokea kama anapokea mtoto aliyelala, akamfuta udongo puani. Hakunitazama. Alinyoosha mkono tu.

“Leta nione.”

Nilimpa. Alikipapasa kuanzia nchani mpaka kwenye dira, akaweka makali juu ya ukucha wa kidole gumba. Yakateleza kama kwenye kioo.

“Hii si yangu.”

“Si yako, Muzee.”

“Yangu iko wapi?”

“Nilibadilisha Birere.”

“Ulibadilisha,” akasema. “Bon.”

Hakuna tusi lililowahi kuniumiza kama ile “bon,” ile “haya basi” ya Kifaransa. Tulimzika Mukara kando ya shamba, Mama Furaha akiwa ametushikia majembe. Muzee alimvua njuga, akaitia mfukoni, na kutoka Kanzenze mpaka nyumbani ililia mfukoni kila alipopiga hatua, kwani hakuiziba.

Sikulala usiku huo. Nilikuwa nimepanga kurudi Goma kabla hajanifukuza. Lakini asubuhi alinikuta nafunga begi, akaweka sakafuni jiwe la mto, la bapa, ametoka kulichukua Sebeya yeye mwenyewe na macho yale, akaweka na bakuli la maji.

“Kaa chini,” alisema. “Kisu ilikuwa yako. Nilikupatia, unaweza kubadilisha, mi sina neno. Lakini hii ulijichagulia we mwenyewe, na roho yako iliipenda. Mbona hata hii ulishindwa kuinoa?”

Niliacha begi, nikakaa chini.

Halafu akasema jambo lililonivunja kabisa. “Na mi nilikosa. Nilikupatia kisu, sikukupatia jiwe.”

Basi nilinoa siku ile, na ya pili, na ya tatu, yeye amekaa karibu anasikiliza. Alijua kwa sikio nikikosea. Siku ya tatu kile kisu cha kung'aa kilikata mkanda wa ngozi mbele yake kwa mvuto mmoja. Alitikisa kichwa, akatoka nje. Mimi nilibaki na ule mkanda uliokatika, nikaona kwamba hata kisu kibaya, kama ningekinoa, kingemwokoa Mukara.

Cha Muzee nilikitafuta Birere mara nyingi, sikukipata. Mwishowe nilikwenda kwa mhunzi Nyakiriba na kipande cha springi ya lori, akanifulia hiki hapa. Kishike. Usicheke rangi yake.

Sasa, mwanangu, nasema waziwazi. Ukichagua kisu usichague kwa macho peke yake. Tafuta kifupi, kisichozidi kiganja chako, maana kazi ya kisu hufanyika mahali pembamba. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho. Mpini wenye tundu la kuwekea vitu utakuvunjikia siku ya shida. Meno ya mgongoni waachie maseremala. Ukijijua kuwa mvivu wa kupangusa, na mimi nakujua, chukua cha chuma kisichoshika kutu, hakuna aibu, ila kwanza hakikisha jiwe la kawaida linakiuma. Vingine ni vigumu mno, vinataka mawe ambayo huko Gishwati huyaoni.

Ukirudi jioni kioshe, kikaushe, kama ni hiki changu kipake mafuta kidogo ya ng'ombe. Usikilaze ndani ya ala ya ngozi, ngozi hunywa unyevu na kukirudishia. Ukikinoa, jiwe lilowe, mgongo wa kisu uinuke unene wa kalamu, usukume kama unakwangua jiwe lenyewe, upande huu na upande huu sawasawa, kisha mara chache kwenye mkanda wako wa ngozi kwa kurudi nyuma. Fanya kidogo kila wiki, usingoje kigome. Makopo yana vifungulio vyao. Na kabla hujatoka mlangoni kiweke kwenye ukucha. Kikiuma, nenda, kikiteleza, rudi ukae chini, hata kama ng'ombe wanakungoja.

Na si kisu tu. Kila utakachopewa na mkubwa wako ukakiona kibaya, muulize kwanza kimemfanyia nini kabla hujakipeleka sokoni. Mimi sikuuliza.

Chukua kisu, na chukua na jiwe. Ni lilelile la Sebeya, ona lilivyolika katikati. Njuga aliyoniachia Muzee itabaki hapa ukutani, hiyo ni yangu mpaka nitakapoondoka. Mungu akulinde na baridi ya kule juu, awazidishe ng'ombe, akupe mkono usiotetemeka. Na siku mtu atakapokulilia “Kata!”, mwanangu, Mungu ajalie ukate mara moja.