Shikamoo ya Kila Asubuhi

Honorata si mtu wa kubembeleza. Mwaka wa tisa huu anasafisha ukumbi wa mpira wa wavu hapo Springfield, Marekani, uliojengwa kumkumbuka Fumiko Arisaka, mchezaji wa Kijapani. Anayeingia na viatu vya nje anarudishwa mlangoni, awe kocha, awe mzazi.

Kila asubuhi, kabla hajashika fagio, alifuta kioo cha picha ya Fumiko na kumwamkia, "Shikamoo, mama." Picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, haina mwaka, na kwao Bukoba picha za namna hiyo ni za mabibi.

Mwezi uliopita alikuja ajuza wa Kijapani mwenye mkongojo, pamoja na mkalimani. Alivua viatu bila kuambiwa, akasimama mbele ya picha. Honorata akampa pole ya kufiwa na dada yake.

"Huyu wa pichani ni binti yake," mkalimani akasema. "Alifariki akiwa na miaka ishirini na mitatu."

Binti wa Honorata ana ishirini na sita.

Kesho yake alifuta kioo taratibu kuliko siku zote. Hakuamkia. Alisubiri kidogo, kisha akaitikia, "Marahaba, mwanangu."