Ndege Iliyogeuka Juu ya Karanga Zangu

Mwaka ule ndege ndogo ya kupima madini ilipopita kwetu Lusangi, karanga zangu zilikuwa zimebakiza majuma matatu ziive. Mbegu yake nilipewa na mama yangu siku nilipotoka Kasongo kuolewa. Jirani zangu walikwisha kuipoteza mbegu ile. Ilibaki shambani kwangu tu, na ndani ya nyumba sikuwa na akiba hata ya kujaza kiganja.

Watu wa kompani ya madini walituambia sokoni: ndege itaruka chini-chini, itapima mawe yaliyo ndani ya udongo, ndio watajua mahali pa kutafuta dhahabu. Basi tulitoka wote kuitazama, kuku wakala muhogo ulioanikwa bila mutu wa kuwafukuza. Ikawa inakuja na kurudi toka upande wa Salamabila na kelele yake; mara ya tatu ilipofika juu ya shamba langu ikageuka, ikarudi ilikotoka.

Maneno yakaanza palepale. "Umeona? Imegeuka. Imeona kitu."

Haikupita muda, wachimbaji saba wakafika na majembe na makarai. Majina yao yote ninayo kichwani, na ya mama zao, lakini siyaandiki. Mbele alikuwa mwenye shimo lao la dhahabu, yule wanayemwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kijana mwenye kofia ya sufu ndani ya jua kali.

"Bibi, pole," akaniambia. "Hapa chini iko dhahabu. Utapata sehemu yako."

"Nani amesema?"

"Ndege."

"Imekuambia wewe?"

Wenzake wakacheka. Yeye akashusha jembe begani. Hapo niliogopa, sitaficha.

Sasa, shule mimi niliacha darasa la pili, lakini mikeka nasuka tangu utoto. Na ndege ile nilikuwa nimeitazama tangu asubuhi. Kwanza iligeuka juu ya muhogo wa jirani. Iliporudi, ikageuka juu ya migomba yake. Mara ya tatu ndiyo kwangu. Nikamuonyesha mukeka niliokuwa ninasuka.

"Baba, angalia. Ukindu ukifika ukingoni unafanya nini?"

"Unakunjwa, unarudi."

"Kwa sababu pale ukingoni iko kitu kizuri?"

Akapitisha kidole ukingoni mwa mukeka.

"Na ndege vilevile: kazi yake inaishia hapa, ndiyo maana inarudi, na kila mara inasogea kidogo. Ngojeni. Sasa itageuka kule kwenye matope, kando ya shamba langu."

"Na isipogeuka kule?"

"Mutachimba, na makarai nitawabebea mimi."

Wakaketi kungoja. Mumoja nilimwambia atoe kisigino chake juu ya karanga zangu, akatoa. Halafu tukasikia kelele. Ndege ikapita kando yetu, ikafika kwenye matope, ikageuka.

"PDG," mumoja akasema, "dhahabu imehama."

"Twende tukachimbe vyura," akasema mwingine.

Iliporudi tena, iligeuka juu ya choo cha baba mukwe wake PDG. Wakamwambia aende kuomba ruhusa ya kuchimba. Yeye mwenyewe alicheka mpaka akavua kofia ajifute macho.

Majuma matatu yakapita, nikaingia shambani kung'oa. Nikamwona PDG anakuja, mara hii na mke wake. Waling'oa nami mpaka adhuhuri. Halafu mke akaniomba mbegu. Nikamjazia kikombe kikubwa. Mwaka uliofuata, mbegu ya mama yangu ilikuwa inatoa maua kwenye mashamba mawili.