Mguu Uliovuruga Posa

Jamani, mguu wangu huu utaniua. Nikiwa na wasiwasi hautulii hata nikiukalia. Nami ninatengeneza programu ya simu yenye maapizo na majigambo yote ya mchezo wetu wa mezani wa kujifanya wachawi: ukitikisa simu kama dadu, inatamka moja kwa sauti niliyorekodi mwenyewe.

Jumamosi tulikwenda Itetemia, hapa Tabora, kuposa. "Wewe kaa kimya, msemaji ni mimi," mshenga akanionya. Nikanyamaza, mguu ukakataa. Kabla mshenga hajamaliza salamu, mfuko wangu wa suruali ukanguruma: "Mwenye ndevu, geuka chura!"

Baba wa binti akashika ndevu zake. "Nani kasema?"

Nikafungua mdomo nieleze kuwa ni simu. Mguu ukazidi kutetemeka, mfuko ukaniwahi: "Ni mimi, mchawi mkuu wa Tabora!"