Anayeonya Ndiye Anayepika Chai

Baba yangu ni fundi bomba. Wiki nzima anashinda kichwa chini ya masinki ya watu, na ikifika Jumapili mchana anavuta pazia la sebuleni na kutazama watu wakiliwa na mazimwi ya majini. Filamu za mapenzi anaziita kelele, za vita anaziita fujo. Papa mwenye vichwa viwili akitokea kwenye bwawa la hoteli, anasema, "Haya, sasa tunaongea mambo ya maana."

Hatazami peke yake. Yupo shangazi, dada yake, fundi cherehani anayekosoa ngozi ya zimwi: "Mshono huo hapo mgongoni, kashona nani?" Yupo pia jirani yetu, mwalimu mstaafu, ambaye kila anayeingia majini humsindikiza kwa maneno yale yale: "Sikio la kufa halisikii dawa." Sheria yao ni moja: marufuku kumwonya anayeogelea. Ukimwonya, unapika chai ya wote.

Miaka yote chai aliipika mama. Hakuweza kujizuia. "We mwanangu, toka humo!" Kisha anainuka kwenda jikoni, akilalamika kwamba watoto wa siku hizi hawasikii. Tangu afariki hakuna aliyeonya mtu, na Jumapili zinapita bila chai.

Hapo ndipo nilipompeleka mchumba wangu, fundi miwani. Nilikuwa na hofu, maana aliyemtangulia alifelia kwenye kochi lile lile. Alicheka, akawaeleza kwamba pweza wa kwenye filamu ni wa mpira. "Kumbe," alisema baba, na habari yake ikaishia hapo. Huyu nilimpenda kweli, na bila baraka za baba nisingeolewa. Nikamfunda: usicheke, usieleze, funga mdomo.

Alikaa kama anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwenye filamu, msichana aliketi ukingoni mwa ziwa akachovya mguu. Povu likapanda. Shangazi akasema rangi ya mkia imepauka. Mwalimu akajiandaa kusema lake.

"Dada! Toa mguu!"

Mchumba wangu alikuwa amesimama, amekumbatia mto wa kochi. Dada hakutoa mguu, akaliwa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Baba alisimamisha filamu, jambo ambalo hakulifanya hata siku bomba letu wenyewe lilipopasuka.

"Kijana, sheria umeelezwa?"

"Nimeelezwa, baba. Nisamehe, nimeshindwa kumwangalia tu."

Baba alimwonyesha mlango kwa kidole. "Jikoni kule. Majani yapo kwenye kopo la bluu."

Kopo la bluu lilikuwa la mama. Hakuna aliyeligusa tangu tumzike.

Chai ilikuja. Shangazi alionja, akakunja uso. "Sukari imezidi."

"Wifi yako naye alikuwa anazidisha," alisema baba. Machozi yalikuwa yanamtoka na wala hakuyafuta. Alikunywa yote, kisha akamnyooshea mchumba wangu kikombe.

"Ongeza," alisema. "Na Jumapili uwahi."