Mzee Jano na Unahodha Nilioutaka

Mwanangu, ipo Jumapili moja ya Riverdale Park, huku huku Marekani, ambayo nikiikumbuka hucheka peke yangu, mpaka mama yako huniuliza kama mimi ni mzima.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mshambuliaji wa timu yetu ya Waswahili, na kichwa kimenivimba hasa. Si unajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Siku hiyo tulikuwa tunachagua nahodha, nami niliutaka unahodha ule kuliko chakula.

Kocha wetu, Mzee Jano, alikuwa Mslovakia wa miaka sabini na kitu. Tulisikia kwamba zamani alicheza mpira kwao, lakini mwenyewe hakulisema hilo. Wenzangu walimwamkia shikamoo, na walishamfundisha kuitikia "Marahaba!" kwa lafudhi ya kuchekesha. Mimi nilimrushia "Hai, Jano!" nikapita. Nilijiambia hii ni Marekani, na Mzungu hana shikamoo. Ujinga mtupu!

Basi kabla hatujapiga kura, likaja basi dogo, wakashuka Waslovakia, wazee kwa vijana. Walikuja harusini Springfield, mji usio mbali, wakasikia Jano yuko huku. Wakamzunguka wakiimba jina lake, mama mmoja akilia na kucheka kwa pamoja. Kumbe mzee wetu ni mtu maarufu!

Kwa ubishi wangu nikamwuliza yule mama, "Alifunga magoli mangapi huyu?"

"Magoli? Sijui, alikuwa beki," akasema. "Baba yangu alifua jezi za timu. Kila baada ya mechi huyu alimfuata na matope yake, akamshika mkono, akamshukuru kwa jina. Ameacha mpira miaka arobaini sasa, na nyumbani kwetu bado anatajwa."

Aisee, nilinywea. Mimi mtoto wa Tanga, niliyelelewa kwa shikamoo, nimeshindwa adabu na mtu wa ng'ambo! Aibu ilinikamata kwelikweli. Nikamwendea, nikainama kidogo.

"Shikamoo, Mzee Jano."

Akanikodolea macho, kisha akapasuka kicheko. "Marahaba, marahaba! Leo umepona?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko, nami nikacheka mpaka machozi. Nikaliondoa jina langu, nikampigia kura Hamadi, kipa wetu, ambaye kila siku ya mazoezi alikusanya mipira tuliyoitawanya sisi mastaa. Kisha tukala pilau na wageni wale, wakatufundisha wimbo wa Jano, tukauimba vibaya kwa raha zetu zote.

Sasa wewe, juzi kwenye mechi kule Temple Hills walikushangilia, nami nikapiga vigelegele kama mwanamke. Lakini nilikuona ukimpita yule mzee anayechora mistari ya uwanja, hata salamu hukumpa. Mwanangu, kesho mfuate, umuulize jina lake. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Miguu itachoka siku moja, lakini watu hawamsahau aliyewaona.

Haya nenda, Mungu akupe mbio na moyo mpole, na kila mlango utakaobisha hodi, walio ndani wafurahi kusikia ni wewe.