Shemeji, Niambie Ulinidanganya

Mtaani walimwita Msasa, naye aliitika bila kinyongo, maana karatasi ya msasa ilikuwa imemshika mkono miaka mingi kuliko mkewe. Kazi yake ilikuwa kuivua mitungi ya wapiga mbizi rangi kuukuu na kuivika mpya: ile mitungi ya alumini inayojazwa hewa na kubebwa mgongoni kama mtoto mkaidi. Alikuwa akifungua vali, akivua kiatu cha mpira kinachovalishwa chini, akikuta humo unga mweupe wa alumini iliyooza, akiufukuza kwa brashi huku akiutukana kwa upole. Kisha alikuwa akipaka dawa ya kubandua rangi, akisubiri rangi ivimbe na kukunjamana kama uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya muda wake, akiikwangua kwa kipande cha plastiki, halafu msasa, maji, msasa tena. Kostiki soda ya watengeneza sabuni haikuruhusiwa hata kupita karibu na mlango, kwa sababu hula alumini kama inalipwa.

Lakini mwiko mkuu ulikuwa moto. Mtungi wa alumini ukiokwa hulegea ndani kwa ndani, na nje hauonyeshi dalili yoyote. Unapendeza tu. Unang'aa, unatulia, unasubiri siku ujazwe hewa upasuke na kuondoka na mtu. Ukishapita kwenye oveni hauna dawa. Unakatwa vipande kwa msumeno.

Ndiyo maana asubuhi ile, shemeji yake aliposhusha mitungi yote kutoka kwenye mkokoteni na kutangaza, "Shem, nimekuokea yote kama mikate!" Msasa alikaa chini juu ya ndoo ya rangi ya njano. Ndoo haikuwa na kifuniko.

"Umefanya nini?"

"Nimeoka. Si uliniambia nipake rangi tu? Mimi nikaongeza utaalamu. Bure, kwa ajili ya dada yangu."

Na hapo palikuwa na kosa la Msasa mwenyewe, ambalo kwa kweli lilikuwa kosa la kiuno chake. Kiuno kilikuwa kimegoma wiki iliyopita, akawa anatembea kama mtu anayetafuta sarafu, na mkewe akasema, "Mpe kaka yangu amalizie. Ana karakana nzima ya kupaka rangi ringi za magari, na oveni anayo." Msasa alikubali, akamwagiza shemeji kwa maneno manne: paka, anika kivulini, rudisha. Neno oka halikuwamo.

Shemeji aliondoka na mkokoteni wake akipiga mluzi. Msasa aliitazama mitungi. Ilikuwa mizuri ajabu. Akampigia simu mdogo wake wa kike, ambaye ndiye aliyekuwa akiivaa mgongoni. Yeye na wenzake walikuwa wakizama chini ya meli bandarini na kukwangua makome.

"Usije kuichukua," Msasa alisema. "Imeokwa. Itabidi ikatwe."

"Kaka, hatuna mingine. Tunaijaza jioni, kesho asubuhi tuko chini ya meli. Bosi akisikia hakuna mitungi, anakodi kikosi kingine, sisi tunarudi nyumbani kulala."

"Najua. Lakini sikupi bomu ulivae."

"Nani kasema imeokwa?"

"Shemeji."

"Shemeji yako yule? Yule mwenye meno mengi?" Mdogo wake akacheka, ingawa kicheko chenyewe kilikuwa kimekonda. "Kaka, yule akikuambia leo Jumatatu, angalia kalenda. Nenda kahakikishe."

Basi kwa mara ya kwanza tangu aoe, Msasa alitoka nyumbani akimwomba Mungu kwamba kaka wa mkewe awe mwongo. Alipita mtaani kwa haraka, makalio ya njano yakimfuata, watu wakigeuka, naye hana habari.

Karakana ya shemeji ilikuwa na bango refu kuliko karakana yenyewe: RANGI YA KUOKA, YA KISASA, HAIBANDUKI MPAKA KIAMA. Ndani, dereva mmoja wa teksi alikuwa akizikagua ringi zake zilizotoka kupakwa. Pembeni, kwenye kigoda, mama mkwe wa Msasa alikuwa ameketi na konzi ya mtama. Na ukutani kabisa ilisimama oveni, kubwa kama kabati la nguo, mlango umefungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mkwe. Huko nyuma umekalia nini?"

Msasa hakuwa na muda wa nyuma. Alimshika shemeji bega. "Shem, nakusihi. Niambie ulinidanganya."

Shemeji alimtupia jicho yule dereva. "Mimi? Nikudanganye wewe, mume wa dada yangu?"

"Nidanganye! Nidanganye vizuri! Sema hukuoka."

"Nimeoka."

"Kwa joto gani?"

"Joto la kitaalamu."

"Na ringi zangu je?" dereva aliuliza, akiinua shingo.

"Hizo zimeiva kabisa," alisema shemeji, kifua mbele.

Msasa akapiga magoti pale sakafuni penye mafuta. Kiuno kilipiga kelele, akakipuuza. "Shem, kesho mdogo wangu anashuka majini na mitungi ile. Kama umeoka, nachukua msumeno naikata yote leo, na wao hawana kazi. Kama ni mwongo, nakubusu. Wewe ni mwongo?"

Hapo palikuwa padogo kwa shemeji. Mbele yake ndugu anamwomba awe tapeli. Kushoto mteja anasikiliza. Kulia mama yake mzazi. Kwa muda midomo yake ilifunguka kama anayetaka kusema, kisha ikakumbuka bango lililoko nje.

"Kazi yangu ni ya heshima," alisema kwa sauti ndogo.

Msasa aliinuka, akaweka kiganja kwenye mlango wa oveni. Baridi.

"Ni ya kisasa," shemeji akawahi. "Inapoa haraka."

Ndipo oveni ikasema: ko... ko-ko.

"Nini hicho?" dereva aliuliza.

"Feni."

"Feni gani, wewe?" Mama mkwe aliinuka na mtama wake. "Huyo ni kuku wangu, na mkizidi kupiga makelele ataacha mayai!" Akafungua mlango. Ndani, kwenye gunia kuukuu, alikuwepo kuku mweupe amejitandaza, akawatazama wote kama hakimu aliyekatizwa chakula. "Tangu nyaya za hili dude ziungue yumo humu anaatamia. Wiki ya tatu sasa."

"Na mitungi yangu, mama?" Msasa aliuliza.

"Si aliipulizia rangi za kopo hapo nyuma, akaianika chini ya ukuta? Nilipiga chafya mchana kutwa."

Msasa alimkumbatia shemeji, akamwinua kutoka ardhini, kiuno na yote. "Mungu akuzidishie! Tapeli wewe! Tapeli kamili! Sijawahi kupata shemeji kama wewe!"

"Niteremshe, Shem, watu wanaona."

Dereva wa teksi alikuna ringi yake kwa ukucha. Rangi ilitoka kama ngozi ya kitunguu. Alizibeba ringi zake akaenda kuwasimulia wenzake wote kituoni, kwa undani na kwa ishara za mikono.

Msasa akapiga simu. Upande wa pili mdogo wake alitoa pumzi ndefu, kama mtu aliyekuwa ameishikilia tangu asubuhi. "Rangi itakaa?" aliuliza.

"Haitakaa hata njiani."

"Basi ilete uchi. Samaki hawajali."

Mchana kutwa wakaivua, Msasa na shemeji, bega kwa bega. Chini ya rangi ya uongo alumini ilitoka safi, na namba zilizogongwa shingoni zikasomeka zote. "Nilidhani unanionea wivu wa oveni," shemeji alinung'unika. Msasa alicheka mpaka akakaa chini. Safari hii alitazama kwanza.

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, simu ililia. "Tumetoka majini, kaka. Wote." Msasa alifuta macho kwa kitambaa chenye dawa ya rangi, yakamwasha, asijali.

Na fundi umeme alipokuja kutengeneza oveni, Msasa ndiye aliyemzuia mlangoni. "Rudi wiki ijayo," alimwambia. "Ndani kuna mzazi."